Mgongo wa Mabukwe na Suruali ya Marehemu

Mama wa mume wangu anaitwa Winifrida, lakini mimi namwita Mabukwe, ndivyo tunavyomwita mama mkwe kwa lugha ya nyumbani kwetu. Ni mwanamke mkubwa. Akikalia kigoda, kigoda hukioni tena. Akicheka, kuku wanatoka uvunguni. Hapa Kibondo ukiuliza nyumba yake watu hawakuoneshi kwa kidole, wanakwambia simama usikilize, ukisikia mtu anacheka ndipo hapo hapo.

Basi fikiria nyumba hiyo ilivyokuwa aliponyamaza.

Alianguka bondeni. Alikuwa ametoka kuopoa mihogo iliyolowekwa, na mihogo iliyolowekwa ni mizito kama mawe, akateleza nayo kwenye udongo mwekundu akaja kukaa kwa kishindo. Hospitali wakampima, wakasema mifupa ni mizima, misuli ndiyo imekaza, apumzike kidogo halafu awe anajinyoosha polepole kila siku. Kupumzika alikusikia. Kujinyoosha hakukusikia. Mgongo wake ukawa kama mlango uliovimba kwa mvua, unausukuma, unafika nusu, unagoma.

Kisha mimi nikajifungua Niyomwungere, mjukuu wake wa kwanza. Tunamwita Niyo.

Wewe mwenye mgongo mzuri hujui kumfunga mtoto mgongoni ni kazi gani. Ni lazima uiname mpaka mgongo uwe meza. Mtoto unamlaza juu yake, tumbo chini, amejibandika kama chura. Halafu unamwachia, ndiyo, unamwachia kabisa, unatumia mikono yote miwili kuzungusha mbeleko, unafunga kifuani, ndipo unainuka. Mabukwe alijaribu mara moja Niyo alipokuwa ameshakaza shingo. Mgongo wake ulifika nusu ukagoma, ukawa mteremko badala ya meza. Alipoachia mkono, mtoto akateleza. Nilimdaka mguu, hajafika chini.

Mume wangu Pasikali alikuwa amesimama mlangoni, akaona yote.

"Mama, basi," alisema. "Utakuwa unampakata umekaa."

"Kupakata hata jirani anampakata."

"Mama, nimesema basi."

Hakubishana. Jioni tukiwa tunachambua maharage, akaniambia bila kuinua macho, "Mama Niyo, mimi niliingia nchi hii mgongoni mwa mama yangu. Wazazi wangu walivuka mto Malagarasi usiku wakikimbia Burundi, maji yakamfika mama kifuani, mimi miguu yangu haikulowa. Leo tuna uraia, tuna nyumba, hakuna anayekimbia, na mimi nimeshindwa kumbeba mjukuu kwenda naye hapo sokoni tu."

Niyo mwenyewe alikuwa anaanza kujivuta, anashika ndoo anasimama, anatikisika, anaanguka, anacheka. Mabukwe alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama gari likiwasha injini yeye bado hajapanda. Mtoto akishajua kutembea, mgongo hautaki tena.

Tulipompeleka Niyo Kasulu kwa wazazi wangu, Mabukwe naye akiwemo, mama yangu akasema kuna jirani yao, Zuleha, mke wa Twalibu muuza vitenge, alikuwa na mgongo mbovu kuliko huo na sasa anafundisha wanawake kujinyoosha barazani kwake. Wanaita yoga. Mabukwe akataka kumwona. Zuleha akaja na dera lake na mtandio wake, mnene, mwendo wa taratibu, uso wa furaha. Mabukwe akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye unayefundisha?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mbona tuko sawa?" Akajishika tumbo.

"Kwani tumbo linazuia nini? Nalo linapumua."

Zuleha alieleza kwamba alikuwa na kibarua kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na huko mama mmoja Mkongo alikuwa anawakusanya wanawake ambao miili ilikaza kwa waliyoyapitia, anawafundisha kupumua na kujinyoosha. "Mimi kazi yangu ilikuwa kuwapelekea chai," alisema. "Siku moja nikakaa nao kwenye mkeka, chai ikapoa."

"Mimi nitakuja," Mabukwe alisema. "Ngoja kwanza nilainike."

"Mama yangu, mtu hangoji atakate ndipo aende kuoga."

Mama yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Zuleha akaahidi kwamba kila akileta vitenge soko la Kibondo atapita kwetu.

Mabukwe hakuweza kungoja. Tulipofika tu nyumbani alikwenda kwa Abbasi, yule anayechaji simu karibu na stendi, akamwambia amtafutie hiyo yoga aione. Abbasi akaandika, akamgeuzia simu. Nilikuwepo, nikachungulia begani. Msichana mwembamba kama utete, amevaa suruali iliyombana kama ganda la ndizi, amekaa chini, na mguu wake mmoja uko nyuma ya shingo.

Mabukwe alitazama, akatazama.

"Abbasi, waite watu wamsaidie."

"Bibi, yuko salama huyo. Ndiyo yoga yenyewe."

"Na hiyo suruali?"

"Ndiyo sare yao, bibi."

Maneno hayo ya Abbasi ndiyo yaliyotuletea balaa lote. Mabukwe alirudi nyumbani moja kwa moja. Yeye ni mama wa maombi kanisani, na wamama wa maombi hawavai suruali hata kwa kuchimba choo. Nilimsikia chumbani anafungua sanduku la marehemu baba mkwe wangu, mzee Ndayisaba. Siku Zuleha alipokuja mara ya kwanza, Mabukwe alitoka amevaa kitenge chake kama kawaida, ila alipoinama kuchukua kigoda nikaona chini ya kitenge pindo la kaki. Ilikuwa suruali ya Pasaka ya marehemu, imefungwa kiunoni kwa kamba ya katani.

"Mama Niyo, umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mabukwe."

"Vizuri. Una macho mazuri."

Zuleha hakujua lolote. Alitandika mkeka wetu wa kulalia, tena ule wa zamani uliochanika pembe, maana Mabukwe alikuwa ameuliza kama ni lazima ule wa kukunja kama wa kwenye simu. Zuleha akasema lazima kuwe na chini tu, na chini ipo.

"Sasa nifanye nini?"

"Kaa, mama."

"Nimekaa."

"Pumua."

"Kwani saa hizi zote nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unahema. Sasa pumua."

Walipumua. Wakainua mikono. Wakashika ukuta, wakasukuma ukuta kama wanaozuia nyumba isianguke. Basi, ikaisha. Mabukwe alinong'ona, "Hii ni yoga au ni kungojea ugali uive?" Alikuwa amejiandaa kulia kwa maumivu. Kwake yeye zoezi lisilouma ni kama dawa isiyokuwa chungu, mtu kakuuzia maji.

Basi Zuleha alipoondoka, Mabukwe akaongeza yake. Alikaa, akanyoosha miguu, akaniambia nimsukume mgongo afikie vidole. Nilisema siwezi kumsukuma mkwe wangu. Akajisukuma mwenyewe. Kesho yake alitembea upande upande kama mbuzi aliyefungwa mguu, na Zuleha akamgombeza kwa simu mpaka nikaona haya kusikia.

"Mwili haupasuliwi kama kuni, mama! Unabembelezwa kama mtoto asiyetaka uji."

"Nimesikia, mwalimu."

"Umesikia kwa sikio au kwa mgongo?"

"Kwa mgongo. Sikio haliumi."

Tangu hapo alitulia. Kila asubuhi, jua likishakausha umande uani, alipanda mkeka. Alikaa kama paka anayejinyoosha, magoti na viganja chini, akipandisha mgongo na kuushusha, na Niyo akatambaa akaja kusimama mbele yake akifanya vile vile. Mimi nilikuwa nafua, nikiwaona sabuni inanitoka mkononi. Siku moja aliniita kwa kelele, nikatupa jembe bustanini nikakimbia nikijua kaanguka. Alikuwa amesimama jikoni ameshika kijiko.

"Nimekiokota," alisema.

"Kijiko?"

"Chini! Nimekiokota chini! Kidondoshe tena uone."

Nikakidondosha. Akakiokota. Tukakidondosha tena, na tena, tukicheka kama wendawazimu wawili, uji ukaungua.

Lakini hakuomba apewe mtoto ambebe. Na mimi sikumpa. Nisiseme uongo, nilikuwa nikiukumbuka ule mguu mdogo mkononi mwangu. Niyo alikuwa ameshaanza kuachia ndoo, anasimama peke yake akitikisika, na kila alipofanya hivyo Mabukwe alinitazama, na mimi nikatazama pembeni.

Sasa sikiliza ya Jumamosi ile.

Zuleha alikuwa amekuja. Walimaliza mazoezi yote vizuri, ikabaki ile ya mwisho, ambayo ni kulala chali, miguu imenyooka, mikono pembeni, unaacha mwili upumzike bila kusema neno. Mabukwe alikuwa anaipenda kuliko zote, alisema hii hata asiyesoma anafaulu. Alipolala, kitenge kikajivuta juu, na kaki ya marehemu ikaonekana mpaka gotini. Akaona haya, Zuleha asije akaiona. Akavuta shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, akajifunika mpaka shingoni. Hata hivyo kidole gumba cha mguu kikabaki nje, na uso ukapigwa na jua. Akalivuta tena, akajifunika gubigubi, kichwa mpaka miguu.

Zuleha alidhani ni baridi. Alikaa upande mmoja, kichwa kainamisha, macho kafumba. Mimi nilikaa upande wa pili na Niyo amelala mapajani. Halafu chini ya shuka nikasikia mkoromo mdogo, mtamu, unakwenda na kurudi. Mabukwe kalala kweli! Kicheko kikanipanda, nikakiziba, machozi yakanitoka yakaanza kunimwagikia mashavuni.

Hapo ndipo jirani yetu Jeanne alipochungulia juu ya ua wa matete na kibakuli cha kuomba chumvi.

Jeanne ni mwimba kwaya, na machozi yake yako karibu. Aliona shuka jeupe. Aliona Zuleha kainamisha kichwa. Aliniona mimi na machozi yangu. Akaniuliza kwa macho. Mimi, nisije nikamwamsha mama wa watu, nikaweka kidole mdomoni, nikatikisa kichwa polepole.

Jeanne akaziba mdomo kwa mkono, akatoweka. Nikasema moyoni, Jeanne siku hizi amekuwa na adabu.

Zuleha alinong'ona tumwache alale, usingizi nao ni dawa. Tukamwacha. Jua likasogea. Kisha nikasikia kitu njiani. Mwanzo nikadhani ni kwaya wanafanya mazoezi. Halafu nikasikia maneno.

"Yooo, Mama Pasikali weee! Umetuacha na nani weee!"

Wakaingia. Wamama wa maombi wote, vitenge vimefungwa kiunoni kwa msiba, mmoja na mzigo wa kuni kichwani, mwingine na ndoo ya maji, mwingine na maharage kwenye beseni, na Jeanne mbele na unga wa muhogo, analia mpaka unga unamwagika. Kwetu msibani huendi mikono mitupu. Nilifungua mdomo niseme, vilio vyao vikanizidi.

Shuka likatikisika. Likainuka. Mabukwe akakaa kitako, shuka linamteremka usoni, macho mekundu ya usingizi, akaona uani kwake kumejaa watu wanaolia.

Mwenye kuni alizitupa zote. Mwenye maji alirudi kinyumenyume mpaka kwenye kibanda cha kuku. Wawili walipita kwenye ua wa matete, na ule ua ulikuwa hauna mlango upande huo.

Na Mabukwe? Mabukwe akajishika kichwa, akaanza kulia kwa sauti kuliko wote. "Nani? Nani jamani? Ni Pasikali? Niambieni ni nani!"

"Ni wewe!" Jeanne alilia.

"Mimi?"

"Wewe, Mama Pasikali!"

Mabukwe akajipapasa kifua. "Nimekufa lini?"

Ndipo kicheko changu kilipopasuka. Nilicheka mpaka nikainama juu ya Niyo, Zuleha alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, na Mabukwe alipoelewa, akaachia kile kicheko chake cha zamani ambacho hatukuwa tumekisikia tangu bondeni. Kuku wakatoka uvunguni. Jeanne naye akacheka huku analia, hajui aache lipi.

Mwinjilisti Nduwayezu alifika wa mwisho, kavaa koti, kitabu cha nyimbo kwapani, akakuta msiba wote unagaragara kwa kicheko. Alipoelezwa hakucheka. Ni mtu wa taratibu.

"Hii yoga nimeisikia," alisema. "Watu wanasema ni ibada. Mama Pasikali, nakuuliza kama mchunga kondoo, hapo kwenye mkeka mnaabudu nini?"

Zuleha ndiye aliyejibu, akifunga mtandio wake vizuri. "Mwinjilisti, mimi naswali mara tano kwa siku, na vitenge nauza, na watoto ninao. Dini ya pili nitaipatia wapi nafasi? Hapa tunanyoosha migongo. Anayetaka kuomba anaomba kwake, kwa Mungu wake."

"Simama basi nione huo mgongo," Mwinjilisti alimwambia Mabukwe.

Mabukwe akasimama, amesahau. Kitenge kilikuwa kimelegea, kikabaki mkekani. Akasimama mbele ya kanisa zima na suruali ya kaki, kamba ya katani kiunoni.

Mwinjilisti akainama mbele, akakodoa. "Hiyo si suruali ya Ndayisaba?"

"Ndiyo."

"Ile ya Pasaka?"

"Ndiyo, Mwinjilisti."

"Suruali?" Zuleha alidakia. "Nani alikwambia suruali? Umewahi kuniona mimi na suruali?"

"Abbasi alisema ni sare," Mabukwe alijibu kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa na sukari.

Nilimwona Mwinjilisti akijitahidi. Midomo ilikaza, mashavu yakavimba, kitabu cha nyimbo kikatetemeka. Kisha naye akaanguka, akakaa juu ya mzigo wa kuni, akicheka na kupangusa macho kwa mkono wa koti. Alikuwa rafiki wa marehemu, walilima pamoja. "Ndayisaba angekuwepo," alisema, "Ndayisaba angekuwepo leo."

Mabukwe alikuwa ameshaokota kitenge akajifunga. Alikiokota chini kwa kuinama tu, kama mtu yeyote, wala hakujua. Lakini mimi niliona. Niliona mgongo wake ulipoinama ukawa meza. Meza kabisa, hata bakuli la mchuzi lisingemwagika.

Pasikali alikuwa amesema basi. Pasikali hakuwepo, alikuwa shambani njia ya Nduta. Niyo alikuwa ameamka kwa kelele, anachezea hereni yangu. Nikasimama.

"Mabukwe," nilisema. "Inama tena."

Aligeuka akaniona nilivyomshika mtoto. Kicheko kikamtoka usoni chote. "Mama Niyo, usinitanie."

"Inama, mama."

Zuleha akamsogelea, hakumgusa. "Pumua kwanza. Magoti yalegee. Shuka taratibu."

Akashuka. Nikamlaza Niyo juu ya mgongo ule mpana, tumbo chini, akajibandika. Mikono yangu ilibaki juu yake. Kuiondoa ndiyo ilikuwa kazi, ilikuwa mizito kama ile mihogo ya bondeni. Nikaiondoa. Mabukwe akaachia na yeye, akazungusha mbeleko niliyomfunikia mtoto, akaivuta, mtoto akatulia kama yuko kitandani. Akafunga kifuani, akafunga tena. Akapumua. Akainuka, mgongo kidogo kidogo, na Niyo akainuka naye, akatazama watu wote kutoka juu kule, akacheka meno yake mawili.

Vigelegele vilivyopigwa walivisikia mpaka stendi.

Wamama wakawasha moto, maana kilicholetwa msibani hakirudishwi nyumbani kwa aliyekileta, na maharage hayajui kama marehemu amefufuka. Jeanne akataka kujua kama hii ya kulala chali na yeye anaiweza. Zuleha akamtandikia. Nilipogeuka kumtafuta Mabukwe, hayupo. Nikatoka njiani. Nikamwona mbali, anateremka kuelekea sokoni, mbeleko imekaza, mtoto mgongoni.

"Mabukwe! Mtoto hajanyonya!"

"Amelala!" alijibu bila kugeuka.

"Matiti yananiuma!"

"Njoo nayo basi, mimi naenda!"

Nikamkimbilia, blauzi imelowa, nikicheka njia nzima. Bodaboda ikaja kwa kasi kutoka chini, juu yake mume wangu Pasikali, viatu vya shamba, analia wazi wazi kama mtoto. Kuna aliyempigia simu ya kwanza, ya msiba; ya pili, ya kwamba mama ni mzima, hakupigiwa. Aliruka kabla pikipiki haijasimama, akasimama mbele ya mama yake. Akamtazama uso. Akatazama kichwa cha mwanawe kinachochungulia begani. Akainua mkono kuligusa fundo la mbeleko, mama yake akamchapa kofi mkononi.

"Fundo ni zima."

"Mama, wameniambia..."

"Najua, nimetoka huko. Maharage yanaiva, nenda ukale kabla hawajayamaliza. Sogea, Pasikali, unanizibia njia, mjukuu wangu hajawahi kuona soko."

Pasikali akasogea. Mabukwe akapita kati yetu, akashika mteremko kwa hatua za mtu asiye na haraka, akiwasalimia watu kulia na kushoto, "Mwakeye, mwakeye," na chini ya kitenge pindo la kaki linaonekana, wala halifichi tena.